Gari Kuukuu Lisikushinde: Jinsi ya Kulitunza na Kulitengeneza Mwenyewe

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mhamasishaji wa jamii kwa wenye magari, madereva na utingo wa makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeendesha gari lakini hajui kusoma, tafadhali msomee karatasi hii polepole, kisha aieleze kwa maneno yake mwenyewe ili ujue kama ameelewa.

Mimi ni mhamasishaji wa jamii, si fundi wa magari. Nilisoma hadi sekondari. Haya ninayokuambia nimeyapata kwa kuwauliza mafundi wetu wanaofanya kazi chini ya miti, kwa kusoma kitabu cha gari, na kwa kushika spana. Pengine utauliza: mhamasishaji wa jamii, kazi yake vyandarua na vyoo, ana habari gani na injini? Jibu ni hili. Gari moja hapa kwetu mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Huyu aliuza mbuzi, yule alitumiwa pesa na mwanawe aliye ng'ambo, mwingine alitoa fungu lake la kikundi cha akiba. Gari likifa, familia tatu au nne zinaanguka pamoja. Tena usiku, mgonjwa anapopewa rufaa ya kwenda Mbarara na gari la wagonjwa liko safari nyingine, tunagonga mlango wa nani? Wa mwenye Corolla. Kwa hiyo uzima wa Corolla hiyo ni jambo la jamii nzima.

Magari yetu mengi ni Toyota Corolla na Carina zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1990. Yalitumika huko, yakaja huku, yakapita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Yale yaliyokwisha kuingia yalibaki barabarani, na kila mwaka yanazidi kuzeeka. Basi usingoje kupata jipya. Tunza ulilo nalo. Gari kuukuu ni kama mzee wa nyumbani: bado ana nguvu ya kazi, lakini usipomjulia hali kila asubuhi, utasikia ameanguka.

1. DAKIKA KUMI ZA ASUBUHI

Kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare, fanya haya kwa utaratibu uleule kila siku.

Kwanza, angalia ardhini chini ya gari. Doa jeusi au la hudhurungi chini ya injini ni oili. Maji ya kijani au mekundu yaliyo karibu na rejeta ni maji ya kupoza injini. Mafuta mekundu, mazito kidogo, yanaweza kuwa ya gia ya otomatiki au ya usukani. Majimaji meupe au ya manjano hafifu, yanayoteleza, yaliyo karibu na gurudumu, ni mafuta ya breki: hapo gari lisiondoke kabisa. Ukiwa huna hakika, tandika kipande cha boksi chini ya gari usiku. Asubuhi kitakuonyesha mahali na rangi.

Pili, pima oili. Tatu, angalia maji. Nne, angalia chupa ya mafuta ya breki. Tano, zunguka tairi zote nne, na ile ya akiba. Sita, washa taa, na utingo asimame nyuma akuambie kama taa za breki zinawaka. Yote haya hayazidi dakika kumi, na hayahitaji pesa hata shilingi moja.

2. OILI

Chomoa kile kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Chini ya alama ya chini, injini inajisaga yenyewe. Juu ya alama ya juu pia ni vibaya, kwa sababu oili iliyozidi hupigwapigwa ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Kama injini imetoka kuzimwa, subiri dakika tano au zaidi oili ishuke ndipo upime.

Kubadilisha oili ni kazi unayoweza kufanya mwenyewe. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Fungua nati ya chini kwa spana namba 14, pokea oili chafu kwenye beseni, ondoa filta ya zamani, paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya na uifunge kwa mkono. Corolla yenye injini ya lita 1.5 au 1.6 huchukua oili ya lita 3 na kitu. Mimina lita 3 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri, pima, ndipo uongeze kidogo kidogo.

Fanya hivyo kila kilomita 5,000. Ikiwa gari linakwenda kwenye vumbi kila siku na kubeba mizigo mizito, usifike huko. Kilomita 3,000 zinatosha. Jihadhari na oili ya kupimwa kwenye chupa za soda. Hujui imetoka injini ya nani.

Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Usiwashe tena. Muite fundi.

Moshi nao unasema. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi filta ya hewa imeziba. Moshi mweupe wa asubuhi unaokoma injini ikipata joto ni mvuke tu, usiogope. Lakini moshi mweupe mzito usiokoma, huku maji yakipungua, ni maji yanayoungua ndani ya injini.

3. MAJI NA JOTO

Hapa ndipo magari yetu mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Injini hupozwa na maji yanayozunguka. Pampu inayasukuma, rejeta na feni vinayapoza, na kuna kifaa kidogo kiitwacho themostati kinachofungua njia maji yakipata joto, kwenye Toyota hizi kiasi cha nyuzi 82. Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sisi tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, ambapo maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kifuniko kizima hukandamiza maji ili yasichemke hata yakizidi 100. Kifuniko chenye mpira uliopasuka kinaacha maji yachemke mapema na kumwagika. Watu wamebadilisha rejeta nzima, kumbe tatizo lilikuwa kifuniko.

Kwa sababu hiyo hiyo, USIFUNGUE KIFUNIKO CHA REJETA INJINI IKIWA YA MOTO. Maji yaliyokandamizwa huruka juu yakiwa yanachemka, na uso na macho ndiyo yanayoyapokea. Subiri mpaka uweze kuweka mkono juu ya rejeta bila kuuondoa. Kisha tumia kitambaa kinene, zungusha nusu tu, acha pumzi itoke, ndipo ufungue.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa njiani, fanya hivi. Zima kiyoyozi kama kipo. Fungua hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na itapunguza joto la injini. Mshale usiposhuka, egesha pembeni na uzime. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike. Ukiendelea kilomita mbili zaidi ili uwaridhishe, silinda hedi, ambayo ni ya alumini, itapinda, na hutakuwa na gari la kuwabeba kesho. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi. Chuma kinachopozwa ghafla hupasuka.

Injini ikipoa, tafuta sababu. Je, mpira wa maji umepasuka? Je, fenbelti imelegea? Ibonyeze kwa kidole gumba katikati ya magurudumu mawili. Ikizama zaidi ya sentimita moja hivi, imelegea. Je, feni ya umeme inazunguka? Kama haizunguki, anza na fyuzi. Je, nje ya rejeta kumejaa matope na wadudu? Osha kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Kuna desturi ya kuitoa themostati na kuitupa, eti ndiyo inayochemsha gari. Ni kweli themostati iliyokwama huchemsha. Lakini kuitoa moja kwa moja huacha injini ikienda baridi muda mwingi. Inakunywa petroli zaidi na kulika haraka. Ipime badala ya kuitupa. Itie kwenye kopo la zamani lenye maji (si sufuria ya chakula, kwa maana maji ya rejeta yana sumu), liweke jikoni. Maji yakikaribia kuchemka, themostati nzima itafunguka, yakipoa itajifunga. Isipofunguka, nunua nyingine.

Maji matupu ya bomba au ya ziwa hutia kutu na ukoko ndani ya rejeta. Ukiweza, tumia maji ya rangi yanayouzwa kwa ajili ya injini. Chupa yake usiiache sakafuni: ni matamu mdomoni, na yanaua watoto na mifugo.

4. VUMBI

Barabara yetu wakati wa kiangazi unaijua. Vumbi lile lote linataka kuingia kwenye injini, na mlinzi ni mmoja tu, filta ya hewa. Kila wiki itoe, igonge taratibu chini upande mmoja, au ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje kwenda ndani unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Usiioshe kwa petroli. Usiendeshe bila filta hata siku moja. Vumbi ni mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda unafanya kazi ya msasa.

Kila unapobadilisha oili, toa pia plagi, injini ikiwa baridi, kwa spana ya plagi namba 16. Uso wa plagi nzima una rangi ya hudhurungi hafifu. Yenye masizi makavu, petroli inazidi. Yenye oili mbichi, injini imechoka ndani. Ukizirudisha, zianze kwa vidole mpaka zishike vizuri, ndipo utumie spana. Ukianza na spana na plagi ikaingia upande, umeharibu meno ya hedi.

5. BETRI

Asubuhi gari linasema "tik" halafu kimya. Kabla ya kununua betri, angalia vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Ondoa waya wa alama ya kutoa kwanza, kisha wa kujumlisha, kwa spana namba 10. Mimina maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua, kausha, paka grisi. Ukirudisha, anza na wa kujumlisha, malizia na wa kutoa.

Kama betri yako ina vifuniko, ongeza maji safi ya betri yaliyokamuliwa kwa mvuke, yafunike bati za ndani. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima. Mwenye mita atakusaidia: betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, betri haina kosa. Alteneta haichaji, au belti inateleza. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa. Hewa inayotoka hulipuka.

6. TAIRI

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kikaratasi cha mlango wa dereva. Tairi yenye upepo mdogo huchemka na kupasuka, hasa gari likiwa limejaa.

Ukinunua tairi zilizotumika, soma umri wake. Pembeni kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umekauka na kupasukapasuka. Usidanganywe na rangi nyeusi iliyopakwa dukani.

7. BREKI NA MZIGO

Ndugu msomaji, hapa naomba tusemezane kama watu wa nyumba moja. Corolla ina viti vya watu watano. Sisi tunapakia tisa, na magunia ya mahindi nyuma. Najua bei ya petroli na najua nauli. Lakini breki zile zilipimwa kwa watu watano zikiwa mpya. Leo zina miaka zaidi ya 25. Kila mtu unayemwongeza anasogeza mbele mahali ambapo gari litasimama, na mahali hapo pengine yupo mtoto aliyebeba dumu la maji.

Chupa ya mafuta ya breki ikipungua, kuna mambo mawili: ama pedi zimelika, ama mafuta yanavuja. Usijaze tu na kusahau. Tafuta ni lipi. Kanyaga pedali, injini ikiwa imewashwa, na uishikilie. Ikizama polepole kuelekea chini, usiondoke. Ikiwa laini kama godoro, kuna hewa ndani ya mabomba. Ukisikia kelele ya chuma kwa chuma, pedi zimekwisha na diski inaliwa. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha, na badilisha pande zote mbili pamoja.

Toyota hizi hutumia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3. Soma kopo. Usitie oili ya injini, itavimbisha mipira yote. Usitie maji ya sabuni, hata kama dereva wa zamani alikuambia yalimfikisha. Maji huchemka breki zikipata moto, na mvuke hausukumi kitu: utakanyaga mpaka sakafuni na gari halitasimama.

Kuangalia breki ni kazi yako. Kuzifungua na kuzitengeneza mwachie fundi anayejulikana, mpaka umefanya naye kazi hiyo mara kadhaa. Ukikosea oili, unaua injini. Ukikosea breki, unaua watu.

8. USIJIUMIZE

JEKI ni ya kuinulia, si ya kulalia chini. Usiingize kichwa wala kifua chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Egesha mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe makubwa, kisha weka stendi au magogo mapana ya mti mgumu. Tofali za udongo hazifai, hupasuka ghafla. Gurudumu ulilolitoa liingize chini ya bodi; gari likianguka litaangukia hilo kwanza. Nati za gurudumu zilegeze kabla ya kuinua, na ukifunga, funga kwa kuvuka upande kwa upande, si kwa kuzunguka.

PETROLI usiinyonye kwa mdomo na mpira. Matone machache yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe kituo cha afya mara moja. Usihifadhi petroli ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa au mshumaa.

MOSHI wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiwashe injini ndani ya kibanda kilichofungwa, wala usilale ndani ya gari linalounguruma. Ekzosi iliyotoboka chini ya viti izibwe.

OILI CHAFU usiimwage mtaroni. Maji ya mvua yanakwenda ziwani, na maji ya Ziwa Nakivale ndiyo yanayosafishwa tukanywa. Ikusanye kwenye dumu lenye alama, uipeleke gereji ya mjini inakokusanywa. Si dawa ya vidonda, na isigeuzwe mafuta ya kupikia jikoni.

9. DAFTARI NA MFUKO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule la kurasa 48, lifungie ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, kilichonunuliwa, bei, na jina la aliyefanya. Kwa gari la kuchanga, daftari hili linazuia ugomvi. Anayelalamika kwamba dereva anakula pesa, aonyeshwe ukurasa.

Andika pia jambo moja ambalo wengi hawalijui: belti ya taimingi. Corolla nyingi za miaka hiyo zina mkanda wa mpira ndani ya injini, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Hautoi kelele wala onyo. Unakatika, na gari linazima palepale. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Hii ni kazi ya fundi, lakini kumkumbusha ni kazi yako.

Mwisho, mfuko. Kila jioni kabla ya kugawana, toa kwanza fungu la gari, hata liwe dogo, na litunzwe na mtu ambaye si dereva. Siku biashara ilipokuwa mbaya, mtatamani kuliruka. Msiliruke. Filta ya hewa ni bei ya safari ya mtu mmoja au wawili. Injini nyingine ni bei ya kuuza tena mbuzi ambao hampo nao.

KAZI ZAKO NA KAZI ZA FUNDI

Zako: oili na filta, maji, themostati, belti ya nje, plagi, betri, fyuzi, balbu, kubadilisha gurudumu.

Za fundi: breki, usukani, belti ya taimingi, gasketi ya silinda hedi, klachi na gia.

Ukienda kwa fundi, usiseme tu "gari linaumwa". Mwambie lilianza lini, likiwa la moto au baridi, kelele iko upande gani, na umekwisha kuangalia nini. Kaa uone anavyofanya, na udai kupewa kifaa cha zamani alichokitoa. Fundi mwema hataudhika.

Kata ukurasa wa dakika kumi za asubuhi, uubandike ndani ya kifuniko cha buti. Mwenye swali anione, au awaulize mafundi walioshirikiana nasi kuandaa mazungumzo haya. Wako tayari kukuonyesha bila malipo jinsi ya kupima themostati na kusafisha betri. Njoo na kitambaa chako na spana zako, na umlete utingo.